Gitaa Lililoshindiliwa Pamba

Mchana ule boma la Machibya lilikuwa limetulia. Pamba ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, nyeupe mpaka inaumiza macho, na ng'ombe walikuwa malishoni. Milembe, mke wa Machibya, alikaa kwenye kivuli cha ghala akichambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule. Binti yao Felisita alikuwa mlangoni na gitaa la kanisa, akijifunza wimbo mpya wa kwaya. Jirani yao Bibi Ng'washi alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha, akimsikiliza.

"Rudia hapo penye kulia," alisema Bibi Ng'washi. "Hapo panapolia kama ndama aliyefungiwa."

"Bibi, huu ni wimbo wa Kristo Mfufuka."

"Basi alifufuka akamkuta ndama amefungiwa. Rudia."

Milembe alicheka mpaka pamba ikamwanguka mapajani. Bibi Ng'washi alikuwa hivyo. Alikuwa mjane, mtoto wake mmoja alizikwa, mwingine alikwenda machimboni hakurudi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia mavi makavu ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Ndiye aliyempokea Felisita siku alipozaliwa, na jiwe la kusagia la Milembe lilitoka kwake.

Ndugu zangu wazazi, wekeni sura ya bibi huyu mioyoni. Hadithi hii ni ya jinsi alivyokaribia kuuawa kwa ajili ya gitaa dogo la kupandia ndege. Ilitokea katika kijiji kimoja kati ya Somanda na Lagangabilili, siku zile Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Jina la kijiji nalificha, maana wenyewe wapo, na wajukuu wao bado wanaoa na kuolewa.

Wakiwa katika kicheko hicho, baiskeli ikaingia uwanjani. Alikuwa Mwalimu Joakim, mwalimu wa kwaya, suruali ameibana na kamba kiunoni, jasho linamtiririka.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Milembe kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mwalimu. Mhola?"

"Mhola, habari njema sana! Tumeitwa Ulaya!"

Akaeleza huku akihema. Parokia rafiki ya huko Ulaya ilikuwa imealika waimbaji wachache. Wangepanda ndege Mwanza mpaka Dar es Salaam, kisha ndege nyingine kubwa ya kuvuka bahari. Mpiga gitaa angekuwa mmoja tu, na paroko amemtaja Felisita.

Milembe alipiga vigelegele. Felisita aliziba mdomo kwa viganja viwili. Bibi Ng'washi akauliza kama huko juu ndege inasimama ili watu washuke kujisaidia.

"Lakini kuna neno," alisema Mwalimu Joakim, akiligeuza gitaa la kanisa, lile kubwa lenye tumbo pana. "Hili haliendi. Kuna shubaka juu ya vichwa vya abiria, mizigo ya mkononi inakaa humo. Gitaa likiingia humo, umesalimika. Lisipoingia, wanalitupa tumboni mwa ndege pamoja na masanduku. Wenzetu wa parokia nyingine walishusha lao shingo ikining'inia kwa nyuzi, kama kuku aliyenyongwa. Tafuteni dogo, mapema. Na jingine, Milembe. Paroko anataka wanaokwenda watoke katika nyumba zenye jina safi. Asisikie neno baya lolote."

"Kwetu kuna neno gani?" alijibu Milembe. Akasema hivyo, kisha akaangalia magunia ya pamba yaliyopangwa ukutani, na akayaacha haraka kuyaangalia.

Kulikuwa na neno katika magunia yale, nami nitalisema sasa. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na karani aliikagua mpaka mtu ukaona aibu. Soko lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja anakimbilia kujaza kabla ya mwenzake. Hakuna aliyeingiza mkono ndani ya gunia. Basi watu wakajifunza. Jioni kabla ya kupima walinyunyizia maji kati ya tabaka na tabaka, wengine wakaongeza mchanga, ili mzani ushuke. Nyumba moja ilianza, ya pili ikafuata, mwishowe asiyefanya akaonekana mjinga. Kwa Machibya, mwenye kushika kibuyu cha maji alikuwa Milembe.

* * *

Walikwenda mjini Bariadi siku ya mnada, Machibya, Felisita na Mwalimu Joakim, na Milembe naye akafuatana nao. Mwalimu alibeba bua la mtama alilolikata kwa kipimo cha shubaka la ndege, alichopewa na padri aliyezoea kusafiri. Watu njiani walimuuliza kama anakwenda kuuza bua moja.

Siku hizo duka moja karibu na stendi lilikuwa limeanza kuleta vitu vya nje, redio, saa, na ukutani magitaa matatu. Machibya aliingia, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kubwa lililong'aa kama kwato iliyopakwa mafuta.

"Hili."

Mwalimu Joakim aliweka bua pembeni yake. Gitaa lilizidi bua kwa shingo nzima.

"Hili litaenda tumboni mwa ndege, Machibya."

"Kwani haliwezi kulala kwa upande?"

"Ndege siyo kitanda chako."

Mwenye duka akashusha la pili, dogo kabisa. Lilipita kwenye bua na nafasi ikabaki. Felisita akalipiga. Likalia kama kopo. Mwalimu alitazama kwa ndani kupitia tundu, akatikisa kichwa. "Hili ni la kuchezea watoto. Ubao wake ni karatasi zilizobandikwa. Ukilifikisha huko, wazungu watakupa pole badala ya makofi."

La tatu lilikuwa katikati. Tumbo jembamba, kiuno kimebana, shingo fupi. Halikuwa na urembo wowote. Mwalimu alililaza kando ya bua, likalingana. Akalinyanyua, akafunga jicho moja, akatazama shingo kama mtu anayechagua mpini, kuona imenyooka au imepinda. Akamwonyesha Felisita kukandamiza nyuzi mwanzo wa shingo na mwisho, asikie kama zinagonga chuma. Akakaza masikio ya nyuzi, akasubiri, akapiga tena kuona kama sauti imeteleza. Kisha akagonga ubao wa mbele kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Sikia. Ubao mmoja, mkavu. Gitaa kavu la namna hii, lisilo la umeme, sauti yake iko kwenye ubao na gundi. Vingine ni mapambo."

Felisita alipiga ule wimbo. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya gitaa la kanisa, lakini ilitoka safi, kila uzi peke yake. Mwenye duka akaacha kupanga saa zake. Milembe akatazama vidole vya mwanawe, na moyo wake ukajaa.

"Mtu anakwenda Ulaya na kigitaa cha kuku?" alinung'unika Machibya. "Watasema Wasukuma wameishiwa."

"Baba, nalitaka hili," alisema Felisita. "Nitalipakata mwenyewe mpaka nifike."

Machibya alimpenda mwanawe. Akalinunua. Aliuliza sanduku gumu la kulitunzia, Mwalimu akamkatalia. Sanduku lingezidi bua, na kazi yote ya kuchagua ingekuwa bure. Fundi cherehani wa pale stendi akashona mfuko wa turubai.

"Mfuko huu mwepesi," Machibya alisema njiani, na hakuliacha neno hilo. "Lori la kwenda Mwanza linavyoruka kwenye mashimo! Mtu akilikalia je?"

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Kosa lenyewe ni letu sisi watu wa pamba, maana kwetu kila kinachovunjika tunakilaza kwenye pamba. Mayai, chupa ya dawa, kioo cha taa. Kesho yake Milembe akiwa kisimani, Machibya alifungua gunia lililokuwa karibu na mlango, akachota. Akashindilia pamba ndani ya tumbo la gitaa kupitia tundu, kwa mwiko, mpaka likajaa kabisa, kusudi hata mtu akilikalia lisibonyee. Akaziba tundu kwa kitambaa, akapachika pamba nyingine kuzunguka, akafunga mfuko na kuutundika kwenye boriti.

"Mtu asiliguse mpaka siku ya safari," alisema. "Felisita, jifunzie lile la kanisa."

Gunia lile lilikuwa tayari kwa mzani. Milembe alikuwa ameshalinyunyizia jioni iliyotangulia.

* * *

Siku zikapita. Safari ilikuwa imekaribia Bibi Ng'washi alipokuja kuomba chumvi.

"Na hako kagitaa kenu ka ndege mbona hamnionyeshi? Mnangoja nife?"

Felisita alicheka, akaushusha mfuko ingawa baba alikuwa amekataza, akalitoa gitaa. Bibi Ng'washi alilipokea kama anavyopokea mtoto mchanga, mkono chini ya shingo, mkono chini ya tumbo. Akalipima uzito. Akalipapasa mbele.

"Eh! Katoto kenyewe kazuri. Lakini mbona kamenenepa? Tumbo limemjaa huyu. Mmempa nini? Angalieni asije akapasuka."

Wakacheka wote. Jirani mmoja mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akasikia, naye akacheka. Bibi akachukua chumvi, akaenda zake. Felisita akalirudisha gitaa mfukoni, akatoka kwenda mazoezi.

Jua lilikuwa halijasogea sana Milembe aliposikia ndani, *paa!* kama kibuyu kimeanguka, na nyuzi zikalia zote kwa pamoja. Alikimbia. Akafungua mfuko.

Mgongo wa gitaa ulikuwa umeachana na mbavu. Ubao wa mbele ulikuwa umetuna kama jipu, na kile kipande kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeng'oka kikaruka. Gundi ilikuwa laini, inavutika kama ulezi uliopikwa. Na pale penye mpasuko pamba ilichungulia. Milembe aliivuta. Ilikuwa na unyevu na joto, inanuka uvundo. Akaichambua kwa vidole vilivyozoea kuchambua, akaona mbegu. Zilikuwa zimeota. Kila moja imetoa kimkia cheupe.

Akakaa chini. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Maji yale aliyamimina kwa mkono wake mwenyewe.

Nje alisikia mlio wa lori la mnunuzi likielekea kituo cha kununulia pamba. Akasimama haraka, akatoa pamba yote kutoka tumboni mwa gitaa na mfukoni, akaitia kwenye kapu, akalificha nyuma ya ghala, akalifunika kwa mabua. Aliporudi, Felisita alikuwa mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua daftari la nyimbo.

Yowe la binti yule lilileta kijiji kizima.

"Nani aliligusa?" wakauliza watu.

"Hakuna," alilia Felisita. "Hakuna aliyeligusa. Bibi Ng'washi peke yake."

Hakusema kwa ubaya. Lakini yule mwanamke wa ndoo alikuwepo. "Jamani! Nilimsikia kwa masikio yangu! Alisema limenenepa, akasema litapasuka. Hata kisimani sijafika!"

Ndugu zangu, mnajua inavyokwenda. Mmoja akataja macho mekundu. Mwingine akakumbuka ndama wake aliyekufa. Wa tatu akauliza kwa nini bibi huyu watoto wake wote wamepotea na yeye bado anaishi. Machibya alipofika, kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Alilitazama gitaa limepasuka, akamtazama mwanawe anayegaagaa, akasema, "Ng'washi ameniulia mtoto safari yake."

Milembe alisimama pale. Kapu lilikuwa nyuma ya ghala, chini ya mabua.

* * *

Adhabu ya kwetu huanza na maji na moto. Asubuhi Bibi Ng'washi alipofika kisimani, wanawake walitoa ndoo zao wakarudi nyuma. Alipokwenda kuomba kaa la moto, mlango ulifungwa. Aliyemsalimia angetozwa faini. Alipita mbele ya boma la Milembe, akasimama.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Milembe aliinamisha uso kwenye pamba. Hakuitika.

"Hata wewe," alisema Bibi Ng'washi, na safari hii hakuwa na mzaha. Akaenda.

Mchana huo Milembe aliwaona vijana wawili wakinoa mapanga kwenye jiwe karibu na njia ya kwa bibi. Msimu wa kufyeka haukuwa umefika. Aliwauliza wanakwenda wapi. Mmoja alijibu bila kuinua macho, "Kazi ipo, mama. Mkutano ukichelewa sisi hatuchelewi."

Alikwenda kwa mumewe, akamvuta nyuma ya ghala, akafunua lile kapu.

"Tazama. Zimeota. Uliichota kwenye gunia la mlangoni."

Machibya alichukua mbegu moja. Akaizungusha kati ya vidole. Milembe alifikiri ameelewa.

"Fukia," alisema.

"Machibya! Watamuua!"

"Hawamuui. Watamfukuza, ataenda kwa ndugu zake Maswa. Wewe unajua ukisema itakuwaje? Mnunuzi amekwisha kusema, akikamata maji katika gunia moja, anafunga kituo. Kijiji kizima kitabeba pamba kichwani mpaka kituo cha mbali. Watatuchomea nyumba hii. Fukia."

Felisita alikuwa amewafuata. Alikuwa amesikia yote, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Mama, Mwalimu Joakim amesema parokia itaniazima gitaa. Kuna sista Mwanza analo, dogo kama langu. Nitakwenda bado. Lakini ukisema kwamba sisi tunatia maji..." Akapiga magoti. "Mama, usiseme sasa. Nikirudi, sema."

"Ukirudi," alisema Milembe, "utamkuta nani?"

Felisita alimshika mama yake miguu, akalia. Na Milembe, aliyemzaa, alijua kwamba mtoto huyu hataitwa tena Ulaya. Bahati ya namna hiyo huja kwetu mara moja, wengine haiji kabisa. Alimwinua. Akamfuta uso kwa kitenge chake. Hakumwahidi kitu.

* * *

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, sungusungu, walinzi wa kijiji, na pinde zao katikati. Kamanda wao alikuwa Ngeleja, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Bibi Ng'washi aliketishwa peke yake kwenye vumbi. Wale vijana wawili walisimama nyuma yake, karibu mno.

"Ng'washi," alisema Ngeleja, "ulisema gitaa la binti wa Machibya litapasuka?"

"Nilisema limenenepa, angalieni lisipasuke."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nimelishika. Mwenye mikono anajua kitu kizito."

"Anakubali!" alipiga kelele mmoja. "Amekubali mwenyewe!"

Uwanja ukachemka. Mmoja wa wale vijana alimsukuma bibi kwa mguu, akaanguka kwa upande. Kitambaa cha kichwa kikamvuka, mvi zikaonekana. Alijaribu kukiokota, kijana akakikanyaga. Ngeleja aliita utulivu, lakini sauti yake ilimezwa. Panga lilikuwa limeshatoka katika ala.

Milembe alijikuta amesimama. Kapu lilikuwa chini ya kitenge chake. Alikuwa amekuja nalo bila kujua kama atakuwa na nguvu ya kulifunua.

"Kaa chini," alisema Machibya kutoka upande wa wanaume.

Hakukaa. Alitembea mpaka katikati, miguu ikimlegea, akasimama kati ya Bibi Ng'washi na yule kijana, karibu hata akasikia harufu ya mafuta kwenye panga. Akamwaga kapu chini.

"Hii imetoka tumboni mwa gitaa. Mume wangu aliishindilia humo ili lisivunjike kwenye lori. Njooni muishike."

Watu walisogea. Pamba ilikuwa imeshika ukungu, na kati yake mbegu zilikuwa zimerefuka, nyingine zimefungua majani mawili ya manjano.

"Mnaona? Gitaa limeota!" alipaza sauti yule mwanamke wa ndoo. "Huo ni uchawi gani tena?"

"Mama Kulwa," alisema Milembe, "wewe umelima pamba tangu hujaota meno ya ukubwa. Mbegu ya pamba inaota kwa nini?"

Mama Kulwa alirudi nyuma hatua moja.

"Nawauliza nyote. Inaota kwa macho mekundu? Inaota kwa maneno?" Sauti yake ilipanda, ikapasuka. "Inaota kwa maji! Na maji niliyatia mimi. Kwa kibuyu. Jioni, kabla ya kupima, kama mnavyotia nyinyi. Pamba ikalala humo na maji yake, gundi ikayeyuka, gitaa likapasuka. Mchawi wenu ni mimi. Basi, nipigeni."

Hapakuwa na aliyepiga. Hapakuwa hata na aliyemtazama mwenzake. Kila mtu pale uwanjani alikuwa na magunia nyumbani, na kila mmoja alijua yana nini. Ngeleja mwenyewe alikuwa ameinama, anasugua kidole juu ya upinde wake. Alipoinua uso, alimwambia yule kijana, "Toa mguu kwenye kitambaa cha bibi."

Kijana akatoa.

Bibi Ng'washi alikiokota, akakikung'uta, akakifunga taratibu. Kisha akasema, "Nilisema kamenenepa. Sasa mmejua kalikuwa kanakula nini."

Mtu mmoja alicheka, akakatisha. Machibya alikuwa ameketi chini, kichwa kati ya magoti.

Sungusungu wana desturi yao, anayemsingizia mwenzake anatoa ng'ombe, anachinjwa, watu wanakula, neno linaisha. Ngeleja alimhukumu Machibya dume mmoja. Vijana wakaanza kutazamana kwa ajili ya kisu.

"Asichinjwe," alisema Bibi Ng'washi. "Mkishiba nyama mtasahau jioni hiyo hiyo. Niachieni huyo dume anilimie. Nikimwona nitakumbuka, na nyinyi mkimwona mtakumbuka."

Ikawa hivyo.

Lakini neno halikuishia uwanjani. Mnunuzi alilisikia, akatia mkono katika magunia, akafunga kituo. Msimu ule watu wa kijiji kile walisomba pamba kwa mikokoteni mpaka njia ya Maswa, na wengi walimlaani Milembe kila gurudumu lilipozama. Paroko naye alimwita Mwalimu Joakim. Nafasi ya Felisita ilipewa mpiga gitaa wa kigango kingine.

Siku kwaya ilipoondoka, Felisita alilala amegeukia ukuta. Hakumsemesha mama yake siku hiyo, wala wiki hiyo, wala wakati wa baridi ya asubuhi, mpaka mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa ziwa. Milembe alimpikia, akamwekea chakula, akaondoka. Hakujitetea.

Mvua ya kwanza ilipolainisha ardhi, Felisita aliamka, akachukua jembe nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Milembe.

"Kwa Bibi Ng'washi. Dume anahitaji mtu wa kumwongoza mbele, na bibi hawezi peke yake." Akasita kwenye kizingiti. "Mama. Ningerudi ningemkuta nani?"

Akaingia kwenye matope, na Milembe akabaki amesimama, analia na kushukuru.

FUNZO

Wazazi wenzangu, anayedanganya mzani anafikiri amemdanganya tajiri wa mjini. Hajui uongo huo unalala nyumbani kwake, na utaharibu kile anachokipenda kuliko vyote. Kosa likitoka mkononi mwako, usiliweke begani mwa jirani yako. Na zaidi, usiliweke kwa mjane asiye na mtu wa kumtetea.

Vijana, macho mekundu ni ya moshi. Bibi zenu waliupuliza moto huo ili nyinyi mle. Kabla ya kushika panga, shika kwanza ile pamba, uone kama ina maji.

Na wewe unayejua ukweli na umenyamaza, ukingoja siku nzuri ya kuusema, jua kwamba mwenzako hana siku hiyo. Usingoje. Simama leo, hata kama miguu inakulegea.